Kupanda na Mto Zigi: shajara ya popo, kutoka Amboni hadi Derema

Jumatatu, Amboni

Kuna popo mmoja wa kaskazini mashariki mwa Tanzania ambaye ramani yake ina nukta mbili tu. Kisayansi anaitwa Rhinolophus maendeleo, mmoja wa popo wa pua ya kiatu cha farasi. Alielezwa mwaka 2000 na Kock, Csorba na Howell, huyu wa mwisho akiwa mwalimu wa siku nyingi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nukta ya kwanza iko hapa Amboni, kwenye msitu wa mapango katika bonde la Mto Mkulumuzi, kando ya mji wa Tanga. Ya pili iko Mazumbai, msitu wa Chuo Kikuu cha Sokoine kule Usambara Magharibi. Anayefanana naye zaidi kwa umbo ni Rhinolophus adami, na huyo alielezwa mwaka 1968 kutoka Kongo-Brazzaville, upande wa pili wa bara.

Kati ya Amboni na Mazumbai kuna zaidi ya kilomita 60 za mashamba ya mkonge, michungwa, mitiki, chai na milima ya Usambara Mashariki. Kwenye ramani pameachwa peupe. Pengine kweli hayupo huko. Lakini kusema mnyama hayupo mahali ni kazi ngumu kuliko kusema yupo, na kazi hiyo haijafanywa hadi mtu apeleke wavu, asubiri usiku kucha, kisha aandike alichopata na alichokosa.

Tutaufuata Mto Zigi kwa kurudi nyuma, kutoka huku unakokaribia bahari hadi Amani unakozaliwa. Nimeuchagua kwa sababu unapita karibu kila aina ya ardhi iliyo kati ya nukta zile mbili, na kwa sababu popo wengi hufuata mito wanapotoka kula.

Mchana tuliingia pangoni kidogo, tukiwa na barakoa, glovu na tochi zenye mwanga mwekundu. Mwamba wa Amboni ni wa chokaa, umechimbwa na maji kwa miaka isiyohesabika, na kwenye vyumba vya ndani hewa ni ya joto na nzito kwa harufu ya kinyesi. Kwanza tulisikia milio mikavu, ta-ta, ta-ta, kutoka kwa Rousettus aegyptiacus. Wala-matunda wenzake wengi hutegemea macho na pua, lakini huyu huweza kujiongoza gizani kwa kupiga ulimi, ndiyo maana analala ndani kabisa ambako wengine hawafiki. Pembeni yao, kwenye dari ya chini, walining'inia popo wadogo, baadhi wa rangi ya machungwa iliyoiva, wenye ngozi ya pua yenye ncha tatu: Triaenops afer. Hatukumgusa yeyote. Tulihesabu kwa macho, tukatoka.

Mtego tumeuweka njiani, mbali na mdomo wa pango. Ukitandaza wavu mlangoni kabisa jioni, utanasa popo wengi kwa dakika chache kuliko unaoweza kuwatoa kabla hawajaumia. Kwa hiyo hapa tunatumia mtego wa kinubi: fremu mbili zenye nyuzi wima za nailoni. Popo hugonga nyuzi, huteleza, na huangukia mfukoni bila kujeruhiwa.

Kijana mmoja wa pale aliniuliza, "Kaka, kwa nini msiwachome moto tu humo ndani, maradhi yaishe?" Ni swali la haki. Rousettus aegyptiacus ndiye mbebaji wa asili wa virusi vya Marburg, na mkoa wa Kagera uliugua mwaka 2023 na tena 2025. Nilimsimulia habari ya mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda. Baada ya wachimbaji kuugua mwaka 2007, popo wa mgodi ule waliangamizwa. Baadaye wengine wakarudi kukaa, na mwaka 2012 ugonjwa ulipolipuka tena eneo lilelile, vipimo vilionyesha popo walioambukizwa wamepanda kutoka asilimia 5 hivi hadi 13 hivi. Inadhaniwa kuua kulifungua nafasi kwa popo wageni ambao hawakuwa na kinga. Tukakubaliana kwamba njia nzuri ni kutoingia mapangoni ovyo, kutokula matunda yaliyotafunwa, na kutowashika kwa mikono mitupu.

Jumanne, Muheza

Siku ya barabara. Kutoka Tanga mkonge ulitusindikiza kwa mistari yake, kisha yakaja machungwa. Tulinunua mchele, dagaa, vitunguu na betri. Mama mmoja muuza matunda alilalamika kwamba popo wanamaliza mapera na maembe yake. Nilimuuliza wanakuja miezi gani, akanipa kalenda nzima ya mti kwa mti. Nimeiandika yote. Hakuna taasisi iliyokaa Muheza miaka yote hiyo ikitazama mpera mmoja, naye ametazama.

Jioni tumeandaa vinasa sauti. Kila kimoja kitafungwa mtini na kurekodi milio iliyo juu ya uwezo wa sikio letu, ambalo huishia kilohezi 20 hivi.

Jumatano, Longuza hadi Sigi

Njia ya kupandia Amani inapita shamba la mitiki la serikali la Longuza. Miti imesimama kwa safu, chini pasafi, majani makubwa makavu yanalia chini ya viatu. Tuliacha kinasa sauti humo kwa makusudi. Watafiti wengi huwa hawapotezi usiku kwenye mitiki, wanakimbilia msitu mzuri, na matokeo yake ni kwamba ramani zetu zinajua habari za msitu mzuri peke yake. Popo wanaoruka juu ya vilele vya miti hawajali sana nani alipanda nini. Wale wenye mabawa mapana na mwendo wa polepole, wanaowinda ndani ya vichaka, wanajali sana. Bila kurekodi pande zote mbili, tofauti hiyo inabaki kuwa maneno ya mdomoni.

Sigi iko kwenye mwinuko wa mita 450 hivi. Palikuwa na stesheni ya reli ndogo ya Wajerumani, na nyumba yake ya zamani sasa inatumika kupokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Hapo ndipo alipotupokea mzee wetu, Msambaa aliyeanza kuwaongoza watafiti enzi za tafiti za miaka ya 1990, wakati vijana wa mradi wa utafiti wa Frontier Tanzania na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokuwa wakipita msitu mmoja baada ya mwingine wa milima hii.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja na mwezi mwembamba, mmefanya vizuri."

Anajua. Mwezi ukiwa mkubwa, popo wengi hupunguza kutoka mahali peupe, na wanaotoka huuona wavu. Ratiba yetu yote imepangwa kwa mwezi kuandama.

Alhamisi, Sigi

Nyavu zetu ni nyeusi, nyembamba, mita 12 kila mmoja. Mzee ndiye aliyechagua mahali, na alichagua kwa kutazama juu, wala si chini kama mimi. "Tafuta mahali matawi yamekutana," alisema, "popo apite chini yake kama mtu apitaye mlangoni." Tukatega mmoja kukatiza kijito kinachoingia Zigi, mwingine kwenye njia ya zamani ya magogo, wa tatu karibu na mkuyu wenye matunda.

Saa kumi na mbili na nusu jioni tulifungua. Kabla ya saa moja mkuyu ulianza kutoa: Epomophorus wahlbergi, dume, mwenye mashada meupe ya manyoya mabegani. Anayaficha ndani ya vifuko vya ngozi na kuyatoa wakati wa kuita majike. Tulimpima mfupa wa mkono kwa kalipa, tukampima uzito akiwa ndani ya kifuko cha kitambaa, tukatazama meno, tukachukua kipande cha ngozi ya bawa kisichozidi milimita tatu na kukihifadhi kwenye spiriti. Tundu hilo huziba lenyewe baada ya wiki chache. Akaachiwa. Majike wenye mimba na wanaonyonyesha hatuwaweki foleni, wanapimwa kwanza na kwenda zao.

Kwenye kijito alinasa popo wa pua ya kiatu cha farasi, na hapo mioyo yetu ilienda mbio. Ukubwa wa kati, manyoya ya hudhurungi. Dada mwenzangu, ambaye ana macho makali kuliko sisi wote, alimshika chini ya tochi akatazama ile ngozi ya pua kwa upande. Kwenye jamii hii siri iko hapo: kipande kidogo kinachounganisha sehemu ya mbele na ya nyuma kinaweza kuwa cha mviringo, cha ncha kali au cha pembetatu, na tofauti hiyo hutenganisha spishi ambazo kwa mbali ni ndugu pacha. Hiki kilikuwa cha mviringo. Tulimrekodi sauti akiwa mkononi, ikasoma kati ya kilohezi 80 na 90. Rhinolophus clivosus. Anajulikana kutoka sehemu nyingi za Afrika, na Sigi hatashangaza mtu yeyote.

Mzee aliona nyuso zetu. "Huyu siye mnayemtaka?"

"Siye, mzee."

"Lakini yupo. Mwandike."

Tukamwandika: mahali, mwinuko, saa, urefu wa wavu, hali ya hewa. Usiku uliobaki ulitupa popo wadogo wa jamii ya Hipposideros na Rhinolophus landeri mmoja, dume mwenye vishungi vyekundu makwapani. Tulifunga saa tano.

Ijumaa, kupanda Amani

Barabara ya kona kali, ukungu, na harufu ya karafuu iliyoanikwa. Juu ya mita 900 hewa ni nyingine kabisa. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo hapa mwaka 1902, wakaleta miti kutoka duniani kote, na bustani yao bado imesimama. Baadhi ya miti ile imetoroka bustani. Maesopsis eminii ndiyo inayoonekana kuliko yote: kila mahali msitu ulipofunguliwa kwa kukata magogo, imeingia.

Leo hatukutega, tulitembea tu kuchagua njia na kuweka vinasa sauti.

Jumamosi, Amani

Usiku mkubwa kuliko yote, nitauandika polepole.

Tulitega kwenye ukingo wa mlima Mbomole, ndani ya msitu wa asili wenye mtambara na msambu, ambako njia ya wapandaji inabanwa na mawe. Kwenye mawe hayo yenye majimaji huota mimea midogo ya maua ya zambarau, Saintpaulia, ambayo dunia nzima inaipanda dirishani bila kujua kwamba kwao ni hapa. Mtego wa kinubi tuliuweka kwenye njia nyembamba kati ya miamba miwili, kwa ajili ya popo wale wanaosikia wavu. Wapo wanaosikia. Popo wadogo wa jamii ya Kerivoula, kwa mfano, wana sauti hafifu mno yenye masafa mapana, na wavu kwao ni ukuta unaoonekana. Uchunguzi wa nyavu peke yake utakwambia Kerivoula hakuna, kumbe wamepita pembeni.

Wa kwanza alikuwa mla-matunda wa hudhurungi, mnene, Myonycteris angolensis. Baada yake, kama saa mbili na dakika arobaini, wavu wa katikati ukatikisika tena. Mdogo kuliko wa kwanza, dume, mwenye ukosi wa manyoya mazito kooni. Dada alipima mkono wake mara mbili. Myonycteris relicta.

Huyu alielezwa na Bergmans mwaka 1980, kutoka vilima vya Shimba, Kenya. Tangu hapo amekuwa akionekana katika misitu ya pwani na ya milima hii ya Tao la Mashariki, kisiwa kimoja cha msitu hapa, kingine kule. Wakati misitu ya Afrika ya Kati ilipoungana na ya pwani, zamani sana nchi ilipokuwa na mvua zaidi, jamii hii ilienea huku na huku. Ukame ukaikata, naye akabaki upande wetu. Nilipomshika niliwaza habari ya R. maendeleo na ndugu yake wa Kongo. Ni historia ileile, na inaandikwa katika miili yao tu. Ukipoteza msitu wa Shimba au wa Usambara, umepoteza ukurasa ambao hauna nakala.

Ndiyo maana sipendi kabisa ramani zinazozungushia mstari mmoja mpana kutoka Shimba hadi kusini mwa Tanzania na kupaka rangi ndani yote. Mtu wa wizarani akiitazama atadhani mnyama ana nchi nzima. Ana vipande. Kati ya vipande kuna nyika kavu ambayo pengine anaivuka na pengine haivuki, na hilo ndilo la kupima.

Saa tatu na nusu alikuja mkubwa wa pua ya kiatu cha farasi, masikio mapana, Rhinolophus hildebrandtii. Huyu Peters alimweleza mwaka 1878 kwa kielelezo cha Taita, na kwa zaidi ya karne kila popo mkubwa wa namna yake kusini hadi Afrika Kusini aliitwa jina hilo. Watu walipoanza kusikiliza sauti na kusoma vinasaba, mwaka 2012 spishi nne mpya zikatengwa kutoka kundi lake, mmoja wao kutoka mlima Mabu wa Msumbiji. Ramani yake ilipungua kwa karatasi moja ya kisayansi bila popo hata mmoja kuhama. Kwa hiyo tunachukua sauti ya kila mmoja, hata wa kawaida kabisa. Wa leo aliita chini ya kilohezi 50, sauti nzito kwa popo, inayofika mbali. Wale wadogo wanaoita juu ya 100 sauti yao hufa ndani ya mita chache, na ukungu huimeza upesi zaidi. Kinasa sauti kikikaa kimya juu yao, ukimya huo una thamani ndogo.

Jumapili, Amani

Mvua kutwa. Nyavu zilizolowa huonekana, tena popo aliyenaswa hupoa haraka na anaweza kufa. Hatukufungua. Tumesafisha vifaa, tumenakili karatasi za Sigi, na mzee ametufundisha majina ya Kisambaa ya miti kumi na kitu niliyokuwa nikiyaandika kwa Kilatini tu.

Jumatatu, Derema

Tulipita mashamba ya chai ya Kwamkoro hadi Derema. Ukanda huu wa msitu unaunganisha misitu ya kusini, pamoja na Amani, na ile ya kaskazini. Zamani chini ya miti palilimwa iliki, na msitu ulionekana mzima kwa juu huku chini pamefyekwa. Miaka ya 2000 ulipogeuzwa kuwa hifadhi, wakulima walilipwa fidia ya mazao yao, na malalamiko kuhusu kiasi na ucheleweshaji bado yanasikika. Mwenyekiti mmoja wa kitongoji aliyasema mbele yetu kwa uwazi, na alikuwa na haki ya kuyasema. Nikamwambia tumekuja kujua kama ukanda wenyewe unafanya kazi uliyokusudiwa, yaani kama wanyama wanapita. Akasema, "Basi mtuletee jibu. Watafiti huchukua, harudi mtu."

Tulitega kuanzia jioni kwenye vichaka vilivyoota upya juu ya iliki ya zamani. Kwa saa nyingi, hakuna kitu. Majani, nondo, mbawakawa mmoja aliyetuchanganya. Karibu na saa nne akaja Nycteris grandis, popo mkubwa mwenye mpasuo usoni, mwindaji anayekula hata vyura na popo wenzake. Mnyama wa namna hii anahitaji msitu wenye mawindo ya kutosha. Kumkuta juu ya iliki ya zamani kuna uzito, ingawa mmoja hatoshi kuthibitisha kwamba ukanda unapitika.

Rhinolophus maendeleo hakuonekana hapa, wala Amani, wala Sigi. Kwenye karatasi ya juhudi nimeandika sifuri pamoja na mita za wavu, saa, mwezi na mvua, kila mahali peke yake. Sifuri yenye vipimo inaweza kulinganishwa na ya mtu mwingine atakayekuja miaka kumi ijayo. Sifuri isiyoandikwa itamrudisha kuanza upya.

Jumanne, Derema hadi Muheza

Kabla ya kushuka tulikwenda kwenye ukingo wa magharibi. Chini kabisa liko Bonde la Lwengera, limenyooka na kavu, na ng'ambo yake inasimama Usambara Magharibi, ambako iko Mazumbai. Mzee alinionyesha kwa fimbo mistari ya miti inayofuata vijito bondeni. Huko ndiko pengo lilipo hasa. Hakuna msitu mkubwa wa kumvutia mtafiti wala nyumba ya wageni, na joto lake ni kali. Kama popo wa misitu wanavuka kutoka mlima hadi mlima, watavuka kwa mistari ile ya vijito, usiku, katika miezi yenye matunda au wadudu wengi.

Tumekubaliana na mzee: nyavu zinazofuata zitakwenda Lwengera, siyo kurudi Amani ambako kila mtu anakwenda. Yeye ataulizia vijijini mapango na mashimo ya mawe wanamolala popo. Dada atasikiliza rekodi za Longuza na kuzilinganisha na za Sigi. Mimi nimechukua kazi ya mwenyekiti: taarifa ya kurasa mbili kwa Kiswahili, yenye orodha ya popo wote waliopatikana Derema na sifuri zetu, ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji kabla karatasi ya Kiingereza haijapelekwa kokote. Nimeanza kuiandika kwenye basi.